Kifuniko cha Bibi Loyi

1

Fundi Perusi Chidawali alijua kosa ni lake kabla hajagusa hata skrubu moja. Alilijua pale pale mlangoni, viatu ndiyo kwanza amevivua, alipoinua macho akaona karatasi yake mwenyewe imetiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa ukutani, kati ya picha ya harusi na kalenda ya kanisa. Mwandiko ulikuwa wake, na muhuri ulikuwa wake. "Kasha lifunikwe wakati wote, vumbi lisiingie. P. Chidawali, fundi wa upoozaji."

Chini ya karatasi hiyo, juu ya kabati la vyombo, lilikaa kasha la Bibi Loyi Mhembano. Lenyewe halikuonekana. Lilikuwa limevikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa kroshia, kizito, kimetiwa wanga kikasimama, kimekunjwa mara mbili na kubanwa vizuri pande zote nne. Juu yake palikuwa na chupa ya maua ya plastiki. Ndivyo walivyo watu wa nyumba kama ile. Zamani walifunika redio, baadaye wakafunika televisheni, na vichwa vya makochi havijawahi kuachwa uchi tangu vinunuliwe. Kitu cha thamani hufunikwa, na katika nyumba ile hapakuwa na kitu cha thamani kupita mama.

Mwili wa Bibi Loyi ulizikwa Mvumi Agosti ya mwaka uliopita, baada ya homa ya siku tisa. Mwenyewe alirudi nyumbani Nkuhungu siku ya tatu, ndani ya kasha jeusi la bati lenye urefu wa goti, kama walivyorudi wafu wengi wa Dodoma tangu makasha yalipoanza kupatikana. Hakuwa na macho humo. Alikuwa na masikio, sauti, na akili yake yote, na alikuwa mkaaji, kama wanavyoitwa watu wa makasha, sebuleni kwa mwanawe Dorika. Waliomjua walisema hajabadilika hata chembe, kwa maana kwamba bado alipenda kuamrisha.

Dorika alimpokea fundi kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mtaa, na mgongoni alimbeba mtoto wa miezi minne. Alieleza shida yake haraka haraka, kama mtu aliyeirudia moyoni usiku kucha. Mama alianza kulalamika joto mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa kwanza alikuwa anapiga kelele, ndipo Dorika akampigia fundi simu. Baada ya hapo akawa mkali, akawa anatukana, mama ambaye maisha yake yote hakutamka tusi. Ilibidi mchana wapunguze sauti yake kabisa, wageni wasisikie. Na sasa kwa wiki moja hatukani tena wala haombi kitu. Anatoa mlio mmoja tu, mwembamba, usiokatika.

Perusi aliikumbuka ile simu ya mwezi wa kwanza. Alikuwa na makasha sita yaliyokuwa yakimsubiri kwenye meza ya karakana, na alimjibu Dorika huku ameshika bisibisi kwa meno. Alimwambia kwamba wakaaji wapya hulalamika joto mwaka wa kwanza, kwamba ni kumbukumbu ya homa waliyofia, na kwamba itaisha yenyewe. Hakwenda kuangalia. Lilikuwa jibu analolipata kila mteja, na mara nyingi lilikuwa kweli.

"Nimefuata kila ulichosema," Dorika alimwambia, akionyesha ile fremu. "Sijamfunua hata siku moja."

Perusi alitikisa kichwa kama anayesifu. Akaomba chai ya tangawizi, ya kuchemka taratibu, maana alitaka Dorika akae jikoni.

2

Alipokivuta kile kitambaa, mkono wake ulirudi wenyewe. Bati lilikuwa la moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Pale kilipogusa matundu ya mbele, mahali pa kuvutia hewa, kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi ya majani ya chai, na kilinuka pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Alichomeka kipimo chake ubavuni mwa kasha. Kilisoma nyuzi tisini na sita. Akabonyeza kurudi nyuma, kuona siku zilizopita, na siku zilizopita zilikuwa hivyo hivyo, tisini na nne, tisini na tano, tisini na nne, mpaka Januari, mpaka Desemba, mpaka katikati ya Novemba.

Alifungua skrubu za ubavuni na kuvua ubao wa bati. Nyuzi za pamba na vumbi jekundu la Dodoma vilikuwa vimeshonana kwenye chujio vikawa kitu kama blanketi. Hilo lilikuwa baya, lakini lilikuwa la kitambaa. Lililomtoa kijasho chembamba lilikuwa nyuma.

Kasha linapoa kwa sheria moja ambayo mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaweza kuiimba akiwa usingizini. Hewa baridi iingie mbele, chini. Hewa moto itoke nyuma, juu. Feni mbili za mbele zinavuta, feni moja ya nyuma inatoa. Kwenye ukingo wa kila feni kuna mshale mdogo unaoonyesha hewa inaelekea wapi, ili hata mpumbavu asikosee. Mshale wa feni ya nyuma ya Bibi Loyi ulielekea ndani. Feni zote tatu zilikuwa zinaingiza, hakuna iliyokuwa inatoa, na hewa moto ilikuwa imefungiwa humo ikizunguka na kuzunguka juu ya chipu iliyobeba akili yake kama maji kwenye birika lililozibwa mdomo. Pembeni ya mshale, kwa kalamu ya wino mzito, palikuwa na alama aliyokuwa akiiweka kwenye kila feni anayoifunga, kwa sababu alijivunia kazi yake. PC, tarehe kumi na nne Novemba, siku aliyokuja kubadilisha feni na kuacha ile karatasi.

Feni aliifunga kinyume kwa mkono wake. Halafu kwa mkono huo huo akaandika karatasi ya kuziba hata matundu ya mbele.

Inafaa mtu aelewe uzito wa hilo. Waliobuni makasha waliwapa wakaaji hisia moja tu ya mwili, nayo ni joto, kusudi mkaaji aweze kulalamika mapema kabla chipu haijaharibika. Wazo lilikuwa zuri mezani. Nyuzi sitini zinawasha, sabini na tano zinaunguza, na kutoka hapo kwenda juu hakuna neno. Kitu walichosahau, au walichokiona hakina faida, ni kuzimia. Mtu wa nyama akiungua kupita kiasi anazimia, na akiungua zaidi anakufa, na huo ni wema wa nyama. Ndani ya kasha hakuna mlango wa namna hiyo. Bibi Loyi aliungua miezi kumi na moja akiwa macho.

Perusi alikaa chini sakafuni kwa muda. Alimfikiria Fundi Mbogoni wa Kondoa, aliyesoma naye, ambaye mwaka juzi aliunguza mkaaji mmoja kwa wiki mbili tu. Wiki mbili. Baraza la Mafundi lilimpeleka mahakamani, na hakimu alisema kumchoma mkaaji ni kumchoma mtu, akamtupa ndani miaka kumi na miwili. Akamfikiria pia Nehemia, mumewe, aliyekuwa ndani ya kasha lake mwenyewe huko Chang'ombe, ubavu umefunguliwa mchana na usiku, feni nne, hakuna hata leso juu yake. Nani angempoza Nehemia kwa miaka kumi na miwili? Alilifikiria hilo sana, kwa sababu lilimfanya ajisikie mke mwema.

Kisha akafanya kazi, na tusimnyime haki yake, aliifanya vizuri. Aligeuza feni ya nyuma. Alipuliza vumbi la chujio kwa blowa kule uani. Alisugua pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya chipu, akapaka mpya, akakusanya nyaya zilizokuwa zimezagaa katikati akazifunga nyuma ya ubao, hewa ipite bila kizuizi. Alama ya wino aliifuta kwa spiriti. Dakika ishirini zilipita, kipimo kikashuka mpaka themanini, sabini, hamsini na tano, arobaini na moja. Alichomeka hedifoni, akawasha sauti kwa ajili ya masikio yake peke yake.

Ule mlio mwembamba ulikatika.

"Nani amefungua dirisha?" akauliza Bibi Loyi.

Perusi alimwamkia shikamoo, akajitambulisha kuwa fundi. Bibi Loyi hakuitikia shikamoo.

"Sauti yako naijua. Wewe ndiye uliyesema nifunikwe."

"Ndiyo, mama."

"Nilikusikia ukisema, nikafurahi. Nikasema afadhali, nitakaa ndani ya kazi ya mkono wangu mwenyewe. Kile kitambaa nilikifuma nikiwa na mimba ya Dorika. Kina vifundo elfu sita na mia mbili. Nimevihesabu vyote, kila siku, humo humo ndani yake. Nikifika mwisho naanza upya, kwa sababu nikiacha kuhesabu nabaki na moto peke yake."

Perusi alimwambia amepona sasa, feni imerekebishwa, haitatokea tena.

"Mwite Dorika. Mwambie mbele yangu."

"Mama, akijua itamuua. Ananyonyesha."

"Kila alipopunguza ile sauti nilikuwa namwita jina lake. Namwita hivi, kama nilivyokuwa namwita akiwa mdogo. Nataka alijue hilo."

"Ni mwanao. Mhurumie."

"Huruma hiyo ni yangu, fundi. Nimpe au nimnyime mimi. Wewe hukuizaa."

Kutoka jikoni ilisikika sufuria ikiwekwa na Dorika akimwimbia mtoto. Perusi aliinamia kasha kama vile mkaaji angeweza kumwona akiinama. Kwa sauti ya chini alimweleza kwamba ipo njia nyingine. Siku ile ya Novemba, kabla ya kuondoka, alinakili kila kilichokuwa ndani, kama taratibu zinavyotaka. Nakala ipo. Angeweza kumrudisha Novemba. Moto wote ungefutika, usingekuwepo hata kwenye ndoto, na angeamka mzima na mchangamfu kama alivyokuwa.

Bibi Loyi alifikiri. Alikuwa mwanamke wa kufikiri kabla ya kujibu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikuwa na ubaridi wa kufikiria.

"Huyo wa Novemba ataamka. Na mimi utanipeleka wapi?"

Fundi alikitazama kipimo chake.

"Nimemsikia mjukuu wangu akizaliwa humu ndani ya nyumba," Bibi Loyi aliendelea. "Juni. Mkunga alichelewa, wakamzalisha Dorika hapa sebuleni. Nilisikia kile kilio chake cha kwanza nikiwa naungua, nikasema basi, hiki nitakishika. Ndicho kitu pekee nilichonacho cha mwaka mzima. Huyo wa Novemba hanacho. Usinifute, binti yangu. Nimeungua miezi kumi na moja sikufa. Kumepoa leo ndiyo uniue?"

3

Dorika aliingia na chai kwenye sinia. Aliliona kasha likiwa wazi, matumbo yake nje, akaangalia pembeni kwa adabu, kama mtu aliyemkuta mama yake akioga. Aliweka sinia chini. Akauliza kama mama anaongea.

Katika hedifoni Bibi Loyi alikuwa amesikia hatua za mwanawe. "Dorika," alikuwa anasema. "Dorika. Dorika."

"Anaweweseka," Perusi alijibu.

Dorika alikaa kwenye ncha ya kochi. Mtoto alikuwa amelala mgongoni, mdomo wazi. Kwa muda alikisokota kile kitambaa chenye doa la rangi ya chai, akikipitisha vidoleni bila kukitazama, halafu akauliza alichokuwa ameogopa kuuliza tangu asubuhi.

"Fundi, niambie ukweli. Si mimi niliyemkosea?"

Mlango ulikuwa wazi hapo, na ulikuwa mpana. Hata mwoga wa kawaida angepita. Perusi angesema neno moja tu, kwamba ni feni na ni kitambaa, na kosa ni langu, na kila kitu kingine kingejifuata chenyewe, machozi, Baraza, hakimu, Nehemia. Alimtazama Dorika usoni na moyo ulimuuma kweli. Alimhurumia yule mama mchanga kwa dhati, na akagundua kwamba huruma hiyo ilielekea mahali pale pale ambapo woga wake ulikuwa unaelekea. Hakuna kitu kinachomponza mtu mwema haraka kama hicho. Alipiga moyo konde, akasema.

"Hapana, Dorika. Wewe umemtunza vizuri mno. Ni chipu, imetoka kiwandani na hitilafu."

"Na kifuniko?"

"Kifuniko hakina neno."

Dorika alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, na machozi yakamtoka ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema alikuwa halali. Akasema kuna usiku alidhani mama anamlaani kwa sababu ya jambo fulani la utotoni, akalitaja na jambo lenyewe, kikombe alichovunja akamsingizia kaka yake. Perusi alimsikiliza kwa upande mmoja wa kichwa. Upande mwingine Bibi Loyi, aliyekuwa amesikia kila neno, hakuwa anamwita tena mwanawe. Alikuwa anamwita fundi. Hakutukana. Alikuwa anamwomba kwa taratibu, akimwita binti yangu, akimwambia kwamba yuko tayari kunyamaza, kwamba hatasema neno kwa Dorika wala kwa yeyote, abaki tu na kile kilio cha mtoto.

Perusi aliweka kijisahani cha kioo mbele ya Dorika. Alimweleza kwamba anataka kumsafisha mama, arudi vile alivyokuwa, na kwamba sheria inadai kidole gumba cha mwenye nyumba. Dorika aliuliza kama itamuuma.

"Hatajua kitu," Perusi akasema, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Dorika alifuta kidole kwenye kanga, akakibonyeza. Perusi alivua hedifoni, akaiweka mezani ikiangalia chini, akabonyeza na yeye. Kutoka kwenye ile hedifoni ilisikika sauti ndogo sana, huwezi kutofautisha na inzi aliye dirishani, na baada ya kitambo haikusikika.

Kurudisha kulichukua muda wa kunywa chai. Walikunywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi, kama alivyoomba.

"Mbukwenyi," Bibi Loyi akawaamkia kwa Kigogo, sebule nzima, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Mbona kimya hivi? Kuna msiba?"

Dorika aliangua kilio na kicheko kwa pamoja. Alipiga magoti mbele ya kabati akalikumbatia bati, lililokuwa baridi sasa, na mama yake akamkemea kwamba mjamzito haangukii sakafu namna hiyo. Kelele zilimwamsha mtoto. Alilia kwa nguvu, akajaza nyumba.

"Mtoto wa nani huyo?" Bibi Loyi akauliza.

Dorika alimgeukia fundi, na fundi akaangalia nyaya.

"Ni wako, mama. Tumempa jina lako, Loyi."

"Amezaliwa lini? Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa unaumwa, mama."

"Yaani mjukuu wangu amezaliwa na mimi sikumsikia." Alisema hivyo mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwa uchungu. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulialia mbele ya wageni, akabadilisha mazungumzo. "Na huu upepo wote unatoka wapi? Mmeniweka uchi? Kuna mgeni humu, nasikia anavyopumua. Dorika, nipe kitambaa changu."

Dorika alikuwa tayari amekishika. Alitafuta upande usio na doa, akakikung'uta, kisha akasimama nacho akimtazama Perusi, akisubiri ruhusa, kwa sababu alikuwa mtu wa kufuata maelekezo.

Perusi aliangalia ile fremu ukutani. Alishasema kifuniko hakina neno, dakika thelathini hazijapita. Akilikana neno hilo sasa ataulizwa kwa nini aliliandika, na akiulizwa kwa nini aliliandika ataulizwa lililofuata. Alipiga hesabu kichwani kama fundi. Feni ya nyuma imegeuzwa, inatoa. Chujio ni safi, pesti ni mpya. Labda itafika sabini, haitapita hapo. Sabini inawasha tu.

"Nyuma pasibanwe sana," alisema.

"Vumbi si litaingia nyuma?"

"Basi mfunike," Perusi akasema.

Dorika alimfunika mama yake. Alivuta pembe nne, akapapasa mikunjo ikalala, akarudisha chupa ya maua juu. "Hapo sawa," Bibi Loyi alisema kutoka ndani, ameridhika. Kipimo kilikuwa bado kimechomekwa, waya ukitokea chini ya kitambaa. Arobaini na tatu. Arobaini na tisa. Hamsini na sita. Feni ziliongeza kasi, zikaanza kuvuma. Perusi alisoma sitini na mbili, halafu akachomoa waya, akauzungusha mkononi na kuutia kwenye mkoba.

Alikuwa anavuta zipu ya mkoba Dorika aliposema asiondoke mikono mitupu. Alifungua mlango wa chini wa kabati. Ndani palikuwa na vitambaa vya kroshia, vyeupe, vimekunjwa na kupangwa mpaka juu, vyote vya kipimo kimoja. Akaeleza, kwa aibu kidogo ya mtu anayejisifu, kwamba baada ya kupata ile karatasi ya fundi aliinakili akaipeleka kwenye kikundi. Akina mama waliipenda. Walikubaliana kila nyumba yenye kasha ifumiwe kifuniko, wakakutana kila Alhamisi kufuma. Nyumba thelathini na mbili zilishapata, Nkuhungu yote mpaka karibu na reli, na karatasi ya fundi imebandikwa kila ukuta. Wiki ijayo wanaanza Kizota.

"Na huko," Perusi aliuliza, "wakaaji wao hawalalamiki?"

"Wanalalamika," Dorika akasema. "Nawaambia ulichoniambia. Ni homa waliyofia, itaisha."

Alichagua kifuniko kizuri kuliko vyote, chenye pindo la maua ya waridi, akakiweka juu ya mikono ya fundi. Akasema amesikia kwamba na yeye ana mzee wake kwenye kasha, maskini, na kwamba fundi siku zote husahau ya nyumbani kwake. Perusi alikipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akasema asante. Akasema ni kazi nzuri sana.

Aliinama mlangoni kuvaa viatu. Jua la mchana lilikuwa limefika kizingitini, na kifuniko alikuwa amekibana kwapani, kizito kuliko alivyodhani. Nyuma yake sebuleni alisikia Bibi Loyi akimwuliza mwanawe kama leo jua ni kali kuliko kawaida. Dorika alicheka, akamjibu kwamba ni Oktoba, mama, umesahau Oktoba ya Dodoma.

"Dorika," Bibi Loyi akasema baada ya kidogo. "Hebu nifunue kidogo."

"Fundi kasema ukae hivyo hivyo, mama. Itaisha."

"Dorika."

Perusi alisikia hatua za Dorika zikielekea kwenye kabati, nyepesi, za mtu asiyetaka kumsumbua mgonjwa, na kile kitufe cha kupunguza sauti kikizungushwa taratibu mpaka mwisho. Alifunga kamba za kiatu cha kwanza, kisha akafunga na za cha pili.